Kuipeleka Marereni

Ningeweza kuipakia juu ya basi kwa shilingi mia mbili,
ifungwe kamba pamoja na magodoro na kuku wa watu,
ifike kabla sijamaliza chai yangu.
Nikampigia mnunuzi: Nitaileta mwenyewe.
Kimya kidogo. Kisha: Kwa kuiendesha?
Kwa kuiendesha, nikamwambia. Ndiyo kazi yake.

Saa kumi na moja alfajiri, Barani imelala bado,
isipokuwa taa moja, ya mama anayekaanga mahamri.
Nanunua manne, nayafunga kwenye kerieri.
Gazeti linalowa mafuta hadi habari za ukurasa wa pili
zinasomeka pamoja na za wa kwanza,
waziri na mnada wa ng'ombe, sentensi moja.

Daraja la Sabaki nalivuka nimesimama juu ya pedali.
Chini, maji mekundu, udongo wa bara
unaoingia baharini bila hodi.
Lori la chumvi linanipita, linaniacha nikiyumba
na punje mbili tatu mdomoni.
Nazilamba.
Barabara imeshajua ninakokwenda.

Mambrui jua limepanda. Goti la kulia
linafungua daftari lake: mwaka ule ulinitupa kwenye lami,
mwaka ule ukanibebesha gunia la nazi na mke juu yake.
Naliacha liseme.
Goti ni kama shemeji, ukilijibu
linakaa hadi chakula cha usiku.

Halafu mwiba wa mgunga.
Upepo unatoka kwa mnong'ono, kama siri.
Mtoto mmoja, Chengo, anakuja na beseni la mamake,
bado lina mapovu ya nguo,
na mapovu yanatudanganya:
kila mahali panaonekana pametoboka.
Tunamwaga. Tunachota upya.
Tyubu inazama, inakoroma,
na kipovu kimoja chembamba kinapanda.
Hapo! anapiga kelele, kama aliyenasa samaki.

Ina vilaka saba, tyubu hiyo,
na kila kilaka nakijua kijiji chake.
Hiki cha nane kiandikwe: Chengo,
nyumba iliyo karibu na mkorosho ulioanguka,
malipo hamri moja, akamgawia na mbwa.

Gongoni hakuna kivuli. Hata changu
kimejificha chini ya magurudumu.
Vichuguu vya chumvi vinachoma macho,
na kaskazi inaniweka mkono kifuani kama askari:
Wapi?
Marereni, nasema, nakanyaga.
Wapi?
Katika dimbwi heroe wawili wamesimama kwa mguu mmoja mmoja.
Nao wanapumzisha goti.

Kisha mteremko, mdogo, hauna hata jina.
Naachia breki. Naachia kila kitu.
Mnyororo unanyamaza, masikio yanajaa,
mdomo wangu wa miaka hamsini na minane
unatoa sauti nisiyoitambua,
na kofia inaruka.
Narudi kuiokota, nikisukuma, nikicheka peke yangu,
mwanamke mwenye ndoo kichwani akinitazama
bila kugeuza shingo.

Mbodze ananingoja langoni mwa kiwanda,
buti zake nyeupe hadi kwenye kifundo.
Hataki historia. Anazungusha gurudumu, anasikiliza.
Breki ya nyuma?
Inashika ukiiomba.
Anazihesabu noti mara mbili, ananipa, ananitaka nihesabu.
Kisha anaomba spana kwa bawabu,
analegeza nati, anashusha kiti vidole vitatu.
Nakitazama kiti changu kikishuka.

Nimeacha pampu pale pale ilipo, nikamwambia.
Hakusikia, alishapanda.

Miaka ishirini na sita nimekaa juu yake.
Sijawahi kuiona ikienda kwa nyuma.
Gurudumu linacheza kidogo, kushoto, kulia, kushoto.
Na mimi siku zote nilidhani
ni barabara.