Kina cha Goti

Huku Fenyves ziwa halina haraka.
Unaingia, maji kifundoni;
unatembea, maji gotini;
hatua mia, mia mbili, bado gotini,
na ufuko nyuma yako umekuwa mdogo
kama kiberiti.
Wageni wanaokuja kuogelea hulicheka ziwa letu.
Mimi hulishukuru.
Ni wapi kwingine utamuuliza mtu,
kabla mkono wake haujakata maji,
"Zsombor, umelalaje?"
na ukapata muda wa kusikia jibu la pili,
lile linalokuja baada ya "vizuri"?

Zamani sikuuliza.
Zamani nilikuwa na jedwali ukutani jikoni,
kando ya shada la pilipili nyekundu,
saa moja mkononi, nyingine shingoni.
Mapigo mia na sitini na mbili: ongeza.
Mia na hamsini na nane: uvivu huo, ongeza.
Dorka alikuwa na mapafu ya farasi
nami niliyapigia hesabu mpaka senti ya mwisho,
hadi Jumanne moja ya Mei
alipoiegemeza baiskeli kwenye ua wangu,
akavua kofia, akaitundika kwenye usukani,
akaenda stesheni kwa miguu.
Kwenye jedwali,
wiki ile ilikuwa bora kuliko zote.

Kwa hiyo daftari la Zsombor lina safu moja zaidi.
Kushoto: kilomita, mapigo, wati, uzito.
Kulia, nafasi tupu, na juu yake: Leo ukoje?
Wiki ya kwanza aliandika Sawa. Sawa. Sawa. Sawa.
Ya tatu: Sijui.
Ya tano, kwa penseli, herufi ndogo kama ufuta:
Nimeota ninazama, maji yakiwa gotini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Usinielewe vibaya. Mlima ni mlima.
Alipanda Badacsony mara nane mfululizo kwa gia nzito,
aliogelea alfajiri katika baridi ya kung'oa meno,
alikimbia kati ya mizabibu
mpaka chumvi ikamchorea ramani mgongoni.
Hofu haifukuzwi kwa maneno matamu;
paja lililolegea huikaribisha na kuipa kiti.
Lakini nilimfundisha kusimama pia:
kusimama tu, majini, macho kayafumba,
kuhesabu pumzi zinazotoka
(zinazoingia zitajileta zenyewe)
na kukitaja kwa sauti anachokiogopa.
Siku moja alikitaja: "Saa yako."
Nikaivua, nikaitia ndani ya kiatu changu ufukoni.
Alama nyeupe kwenye kifundo cha mkono
iliniwasha kutwa nzima.

Siku ya mashindano alitapika kidogo,
kama kawaida yake, nyuma ya mpopla.
Nilimpa maji. Hotuba sikumpa.
Alitoka ziwani wa kumi na moja.
Kilomita ya sabini mnyororo ukachomoka.
Sikuwepo; aliyenisimulia ni kijana
auzaye matikiti kando ya barabara:
"Alikaa kwenye majani, mikono myeusi kwa grisi,
akatulia kama mtu anayesubiri chai ipoe,
kisha ndipo akaurudisha."
Thelathini walimpita, mmoja mmoja, kama mabehewa.

Alimaliza wa arobaini na tatu.
Alinishika bega, akaniachia alama nyeusi kwenye shati,
akasema, "Kocha, leo nilikuwepo."

Usiku, jikoni, alilifungua daftari.
Kushoto hakujaza kitu.
Akalisukuma kwangu, na penseli juu yake:
"Na wewe je? Leo ukoje?"

Nilikaa na ile penseli muda mrefu.
Treni ya mwisho ikapita, vikombe vikatetemeka.
Baiskeli ya Dorka ingali uani kwangu;
kila Aprili huyajaza matairi upepo,
sijui kwa ajili ya nani.
Nikaandika: Gotini.
Halafu, kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki:
Bado natembea.