Majina Shingoni

Tunakutana Jumatano, darasa la chekechea,
saa moja jioni, na Hull imeshaingia giza tangu saa kumi.
Viti ni vya watoto wa miaka minne:
tumekaa, magoti yanakaribia kidevu,
watu wazima kumi na mmoja, kama kuku wanaoatamia.

Denise Garbutt ana daftari la hesabu na miwani ya kamba.
Anasoma: keki, pauni hamsini na nne na peni tisini.
Bahati nasibu, mia na kumi.
Chupa moja ya mvinyo haikuuzwa wala haikurudi.
Graham anatazama dari. Wanacheka.
Nami nacheka, nimechelewa kidogo,
maana Kiingereza cha huku hukata maneno mikia
na mimi bado naokota vipande.

Kamati ya wazazi niliijua tangu Korogwe.
Ilikuja na karatasi: dawati, mlinzi, unga wa uji.
Asiyelipa, mwanawe alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi
na njia nzima watu wakijua kwa nini.
Basi barua ya hapa ilipofika mkobani mwa Tunu
niliificha nyuma ya friji siku nne
ndipo nikauliza: wanataka kiasi gani?
"Si hela, mama. Wanataka mtu anayejua kushona."

Kushona najua.

Fungu langu ni magunia mawili ya makoti
yaliyosahaulika vigingini tangu Pasaka.
Bozena anafua. Mumewe anaanika gereji.
Mimi natia zipu, narudisha vifungo,
naziba pale mbwa wa mtu alipong'ata.
Kisha tunayatundika kwenye bomba karibu na mlango wa nyuma,
bila bei, bila daftari,
apite atakaye, achague, aende zake.

Leo nimeleta na la Tunu, la buluu.
Mikono imemtoka nje hadi karibu na viwiko.
Alilivaa majira mawili ya baridi,
tangu Januari ile tuliyoshuka na sweta moja moja
na nikalikuta begani mwake akitoka shule,
nikamwuliza, akasema, "Lilikuwa pale mlangoni."
Sikuuliza tena.

Denise anayapanga. Anafika kwenye la buluu.
Anakunja ukosi, anasoma lebo,
wino juu ya wino:
Callum G., limekatwa.
Zofia, limekatwa.
Tunu.

Kidole chake kimesimama kwenye jina la kwanza.
Callum namjua, kijana mwenye ndevu,
huja na gari kumchukua mamaye mvua ikizidi.

Nikangoja.
Nilijua sasa atageuka, ataniambia mbele ya watu
kwa upole wao, ule upole unaochoma,
ah, kumbe lilikuwa lenu!

Akapandisha zipu. Akaishusha. Akaipandisha tena.
"Hii umetia wewe?"
"Mimi."
"Haikwami," akasema. "Kwetu ilikuwa inakwama kila asubuhi."
Akalitundika.

Lugha yangu ina kitenzi chenye kazi mbili:
kusitiri. Kumvika mtu nguo.
Kuifunika aibu yake isionwe.
Nikiwa kwenye sinki, nikisuuza vikombe,
nimelitafuta kwa Kiingereza,
nimepata maneno mawili ambayo hayajuani.

Kabla ya kuondoka nimeomba kalamu.
Nimekata jina la mwanangu, mstari mmoja, ulionyooka,
na chini yake pamebaki nafasi
ya jina fupi tu.

Denise amesimama mlangoni na funguo, anauliza jambo:
nani, Jumamosi, saa ngapi sikusikia, meza ya nini sikuelewa.
Mkono wangu umeshapanda.
Bozena ananicheka.
"Ni kuosha magari," ananinong'oneza. "Nje. Saa mbili asubuhi."