Kikombe cha Bi Mwantumu

Maji yalichemka, nusu kikombe,
nikayaacha yapoe chini ya kisahani
kama mtu aliyetukanwa, anayetaka nafasi.
Nikachovya kipimajoto cha homa za watoto
(watoto wenyewe wako Dodoma, hawana homa tena):
thelathini na saba. Joto la mzima wa afya.

Nikakata kona ya pakiti kwa mkasi uliopita motoni.
Punje za rangi ya udongo, ndogo kuliko ulezi,
nikazinyunyiza juu ya maji.
Shemeji aliyenitumia kimea kutoka Moshi
alishasema kwenye simu: Festo, usikoroge!
Robo saa usiiguse. Hiyo imelala na kiu,
na mwenye kiu ya miaka
ukimsukumia ndoo mdomoni, unamuua.

Nikakaa. Nimetengeneza breki za mabehewa
miaka ishirini na sita,
najua kungoja kitu kishike.

Sufuriani togwa imepoa, tamu, haina habari.
Nje, Barabara ya Kumi na Nne na kengele za baiskeli,
mtu anabishania bei ya dagaa.

Robo saa. Nusu saa.
Punje zimezama, zimetulia
kama mchanga wa kisimani.
Nikanusa: vumbi, na karatasi.
Nikavaa miwani, nikageuza pakiti.
Tarehe ilipita Machi ya mwaka juzi,
na umeme wa mtaa huu, tuseme tu,
haujawahi kuwa rafiki wa friji.

Lita ishirini za togwa hazingoji.
Zilale usiku mtupu, kila kilicho hewani
kitaingia bila hodi, na kesho ni siki.

Basi nikagonga mlango wa pili.
Bi Mwantumu anauza mikate ya kumimina,
hamira haikauki kwake.
"Naomba hamira," nikasema. "Kidogo."
Akanitazama, akatazama nyuma yangu
mlango wangu ulio wazi, harufu ya kimea ikitoka
kama mtoto asiyejua siri za nyumba.
"Ya mkate?"
Ulimi ukagoma. Miaka kumi na tisa
tumegawana ukuta, chumvi, misiba.
Akainua kiganja. "Sikuulizi tena. Usiniambie."

Akarudi na hamira ndani ya kikombe cha maua ya bluu.
Kisha, kama aliyeshindwa kujizuia:
"Maji unapima na nini?"
"Kipimajoto."
"Mh. Lete mkono."
Bila kunigusa, akadondosha matone ya birika
kwenye kifundo changu.
"Ukisikia moto, yamezidi. Ukisikia baridi, bado.
Usiposikia kitu, hapo ndipo.
Na sukari ya kulamba tu."

Nikafanya hivyo, kikombeni mwake, nikafunika kwa kawa.
Dakika ya saba uso wa maji ukakunjamana.
Ya kumi, kofia ya povu,
ikipumua, ikitoboka vitundu, ikijiziba.
Upande wa pili wa ukuta nikasikia mwiko
ukigonga bakuli. Za kwake nazo zinaumuka.

Nikakoroga kwa kijiko kilichochemshwa,
nikatia togwa kijiko, kisha kingine, izoee
(bibi harusi hapewi jiko siku ya kwanza),
halafu nikamimina yote ndooni.

Kikombe sasa. Nilikiosha mara tatu. Mara saba.
Hakinuki chochote. Lakini mimi ninajua.

Asubuhi nilikwenda Mgandini kununua kipya.
Maua ya bluu hayakuwepo, palikuwa na majogoo mekundu.
Alikipokea kizingitini. Hakuuliza kingine kiko wapi.
Akakizungusha, akamkagua jogoo.
"Huyu angalau," akasema, "atawika hajalewa."

Nyuma yangu, ndani, ndoo ikatoa
sauti yake ya kwanza: bwb.
Sote wawili tulisikia.
Akaniuliza bei ya kikombe.