Sekunde Kumi na Tisa

Nilikuwa na maswali kumi na moja
yaliyopigwa chapa, yakakunjwa mara nne,
na kinasa sauti cha kuazima
ambacho hakiamki mpaka kipigwe kofi.

Swali la kwanza: ulianza lini kuandika?
Bi Zuwena Mbwarali wa Kibokoni
akacheka hadi pini zikamponyoka mdomoni.
"Ndoo ukae hapa, mwanangu, ondowa hicho kitambaa.
Lini? Siku subira ilipon'ishia."
Cherehani haikusimama.
Kila jibu lake lina mshono ndani.
Akafungua droo ya vifungo, akatoa risiti.
Upande mmoja: gauni la harusi, nusu imelipwa.
Upande wa pili:

*Mchana nakata nguo, usiku nakata neno,*
*Mkasi hauna cheo, wala haujui wino,*
*Ajapo mwenye kilio, huniachia mfano,*
*Nguo yenda na mwenyewe, ubeti wangu hubaki.*

Na diwani itatoka lini?
"Akija kulipa yule bibi harusi."
Nikatazama tarehe ya risiti.
Bibi harusi sasa ana wajukuu.

Changamwe, orofa ya tatu, stima imepotea.
Mwakio Mghanga, karani wa bandari miaka ishirini na sita,
riwaya yake aliiandika nyuma ya fomu za makasha:
mbele uzito wa majani ya chai,
nyuma mwanamke anayemkimbia mumewe na kurudi kufuata redio.
Zilichapwa nakala mia tano.
Zimeuzwa arubaini na tatu.
Ishirini kati ya hizo alinunua dada yake, Wundanyi,
asiyejua kusoma,
huwapa wageni wakiaga, mahali pa asali.
"Na zilizobaki?"
Akaelekeza tochi: kitanda kimesimama juu ya maboksi.
"Nailalia kazi yangu," akasema,
wala hakuwa anatania.
Kisha akaniuliza kama stesheni inalipa nauli.

Swali la sita lilihusu lugha.
Kadzo Chengo wa Mtopanga, mtunzi wa hadithi za watoto,
alilipokea kama mtu ashikaye sufuria bila kitambaa.
"Naandika Kiswahili. Naota Kigiriama.
Sungura wangu akiogopa huomba kwa lugha ya nyanya,
halafu mhariri aliye Nairobi
humsahihisha sala."

La kumi na moja niliongeza mwenyewe, kwa kalamu, pembeni:
ni kitabu kipi ambacho hukukiandika?

Bi Zuwena: "Cha mume wangu,"
na cherehani ikatoka mbio.
Mwakio alisema ni kile kile alichokiandika.
Kadzo hakusema.

Kinasa hakikujua. Kiliendelea kuokota:
mkokoteni wa maji na madumu yanayogongana,
bawaba ya mlango wa jirani,
mtoto uani akihesabu kwa sauti, moja, mbili,
anafika sita, anaruka saba, anasema nane,
anarudia, anairuka tena.
Na karibu kabisa na maikrofoni
pumzi inashika neno,
inaliweka chini.

Swabiri, fundi mitambo wetu, kijana mwema, akasema:
"Kimya redioni ni ajali, kaka.
Sekunde kumi na tisa! Watu watadhani tumezimika.
Nikate?"
Dirishani harufu ya viazi karai ilikuwa ikipanda.
Sikumjibu mara moja.

Tumekata kikohozi changu.
Tumekata swali la tatu na la nane,
yote mawili nilikuwa najisikiza mwenyewe.
Tumekata pale nilipomwambia Mwakio "pole"
upesi mno, kama mtu anayefunga mlango.

Basi Alhamisi, saa tatu usiku,
ukiwa unaosha vyombo na sauti ikapotea,
usiipige redio kofi.
Hesabu pamoja na yule mtoto.
Ukishafika sita,
sema nane.