Moto wa Juu

Umeme wa Isevya umeondoka saa nne asubuhi,
haukuaga.
Unga umeshakandwa. Siagi imeshakubali.
Kikao ni saa kumi, na wajumbe wa harusi
hawajui kungoja na njaa; wakingoja na njaa
ahadi zao hukonda.

Basi nateremsha sufuria kubwa, ile ya shughuli,
namwaga mchanga wa mto Wala, nilioupepeta mara mbili,
natega vikopo vitatu, trei ikae juu yake.
Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko.
"Moto wa kuoka," Mwashi alikuwa akisema,
"ushuke kama mvua, usipande kama deni."
Dada yangu huyo. Binti yake ndiye tunayemwoza.

Nyanya nimenunua kwa Kalunde, fungu la elfu mbili,
zimeiva mpaka zinakaribia kuona haya.
Nimezikata visahani, nikazitia chumvi,
nikazilaza kwenye kitambaa zitoe yaliyo moyoni.
Nyanya usipoiliza mapema
italia ndani ya mkate, mbele za watu.

Jibini kaleta Sista Restituta kwa baiskeli,
duara moja, zito kuliko linavyoonekana,
limefungwa gazeti la wiki jana, ukurasa wa tanzia.
Nimelikwaruza juu ya majina ya watu nisiowajua,
nikawaombea, mkono haukusimama.

Unga chini, nimeubonyeza kwa vidole hadi pembeni.
Jibini. Nyanya. Jibini tena,
mrehani wa uani, pilipili manga
niliyoiponda kwa kitako cha glasi.
Nimefunika. Nimevuta kigoda.

Kuoka hivi ni kuoka kwa pua.
Kwanza harufu ya unga, bado ya kitoto.
Kisha kitunguu saumu. Kisha ile nyingine,
ya maziwa yaliyoungulia ukingoni,
ambayo Nyamizi ameinusa kutoka chumbani
akaja mlangoni na uzi wa kushonea mdomoni,
akasimama tu.
Hakusema "mama." Nami sikusema.
Nilimwambia, "Pepea mkaa."

Saa kumi na nusu nimekata vipande ishirini na vinne,
vya mraba, isipokuwa palipoungua.
Mzee Kashindye, mweka hazina, kanyanyua kimoja,
kakigeuza kama noti anayoitilia shaka.
"Shemeji, hii sabuni mmeipaka rangi?"
Wakacheka. Akang'ata.
Jibini likavutika uzi kutoka mdomoni mwake
mpaka kwenye daftari la michango,
na yeye hakuukata, aliufuata,
ameinama hivyo hivyo mpaka mwisho wake.
Cha pili alichukua kimyakimya.
Cha tatu kakifunga kwenye leso, "cha mgonjwa nyumbani,"
ingawa kwake hakuna anayeumwa.

Sisemi ni jibini.
Ila laki moja aliyoahidi mwezi wa tatu
leo imeandikwa laki na nusu,
na Mihayo wa maturubai kapunguza bei ya viti
huku akilamba kidole gumba.

Kona iliyoungua niliificha chini ya kawa.
Mwashi aliipenda hiyo: nyeusi, ngumu, ya kugombea.
Usiku huu tumeigawana, mimi na Nyamizi, wima,
kwa mwanga wa simu yake.
"Ina uchungu," akasema.
"Ndiyo."
Akaomba na nusu yangu.

Mchanga bado una joto; paka wa jirani keshaujua,
kajikunja kando ya sufuria kama mwenye nyumba.
Kesho nitaurudisha kwenye debe.
Kikao kijacho ni Jumapili ya pili.
Kalunde anasema nyanya zitapanda bei.
Nimemwambia aniwekee.