Jino la Kwanza

Gurudumu la baiskeli halisimami juu ya spoki.
Linaning'inia.
Nawaambia hivyo vijana wanaojifunza kwangu, Barabara ya Kumi, Mbale,
nao hutazamana: fundi Nambozo leo amenusa gundi.
Lakini shika hapa. Kitovu kimefungwa spoki thelathini na sita,
kila moja yavutia kwake,
na kwa ugomvi huo wa pande zote
duara linatulia.

Asubuhi ile nilikuwa na ringi ya Yeko, kijana wa Kapchorwa,
mpanda baiskeli za mashindano.
"Ishirini na nne tu, fundi. Nataka wepesi."
Nikamwuliza uzito wake. Kilo hamsini na nne,
akajibu kwa majivuno, kama mtu anayetaja idadi ya ng'ombe.
Basi nikasuka. Nikadonoa spoki moja moja kwa ukucha,
sikio karibu, kama mwenye litungu kabla ya sherehe:
hii inalia juu, hii imelala,
robo mzunguko, robo tena.
Wepesi nao una bei yake, Yeko.
Sikumwambia. Alikuwa na haraka,
na mimi nilikuwa nasubiri pikipiki nyingine,
maana ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya Gidudu.

Gidudu hubeba kahawa kutoka Budadiri, magunia mawili.
Shokapu zake nilizikaza mwenyewe hadi jino la tano,
ngumu kama jibu la baba mkwe.
Mwezi Machi akaja na mama yake nyuma.
"Legeza, fundi. Mashimo yanamuumiza mifupa."

Mitambo sina. Nina spana ya ndoano,
alama ya rangi nyekundu kwenye mkia wa pikipiki,
na futi ya kitambaa ya marehemu shangazi, mshona gomesi.
Napima ikiwa tupu. Wakikaa wawili, napima tena.
Ikizama milimita arobaini, springi inameza shimo.
Ikizama kidogo, shimo linapanda
hadi uti wa mgongo.

Jino la nne: arobaini kamili.
Mama Kakai akajitikisa kitini.
"Sasa ni kitanda," akasema, akanipa ndizi mbili.

Mei, futi ikasoma thelathini na tano.
Nikakagua springi. Nikakagua mafuta. Nikapima upya.
Springi haikuwa na kosa.
Gidudu alikuwa akitazama mlima.
Nikashusha jino la tatu, sikusema kitu,
naye hakuuliza.

Juni, jino la pili.
Agosti, la kwanza.
Daftari langu lenye grisi lilikuwa limeshajua
jambo ambalo hospitali ilikuwa bado inaliandika kwa maneno marefu.

Chini ya jino la kwanza hakuna jino.

Nikapunguza upepo wa gurudumu la nyuma,
nikakunja gunia juu ya kiti,
nikamwambia Gidudu apite pembeni, palipo na vumbi laini.
Mama Kakai akacheka mpaka akakohoa:
"Mnanibeba kama mayai!
Kahawa hii niliipandisha kichwani, na huyu akiwa tumboni,
wala hakuna aliyenipimia."

Basi Alhamisi ile, ringi ya Yeko ikiwa mkononi,
Gidudu akaja peke yake.
Nyuma yake kamba za mpira zilifungwa, hazikushika kitu.
"Nirudishie la tano," akasema. "Msimu umefunguliwa."

Nikatia ndoano. La pili. La tatu.
Kila jino likilia, tak.
La nne. Hapo mkono wangu ukasita,
yeye akainama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.
La tano.

Sikumwambia akae nipime.
Akatoa noti ya elfu tano, nikakataa,
akaibana chini ya spana yangu, akaondoka,
mkia wa pikipiki ukirukaruka juu ya kila jiwe.

Nikarudi kwa ringi ya Yeko. Nikaizungusha.
Ilikwenda bila kuyumba, nyepesi,
haijabeba mtu bado.