Shuka Lisilozaa

Tukuyu, siku ya tisa mvua haijanyanyuka.
Kamba zetu za kuanikia zinaanika ukungu.
Mimi Atuganile, wa chumba cha mvuke,
nakunja mashuka ya kijani kwa namna moja tu:
mkunjo, mkunjo, pembe nje,
ili mkono wenye glavu ushike pembe
usishike kingine.
Bunda likitoka na unyevu,
hata wa kiganja kimoja,
linarudi ndani.
Hata umeme uwe umekatika mara mbili.
Hata mlangoni wawe wanapiga kelele.

Mwaka wa mafunzo mwalimu aliandika ubaoni: TASA.
"Shuka hili halizai. Hakuna kijidudu
kitakachozaliwa juu yake."
Darasa likanakili.
Kalamu yangu ikasimama.
Neno hilo nililijua kwa sauti ya wifi yangu,
anapepeta maharage,
hainui macho.

Saa nane usiku wameita: bunda kubwa!
Subilaga, mchuma chai wa Katumba,
mishipa ya mikono imenywea, presha haisomeki,
dawa haina njia ila mshipa wa shingoni.
Nimelipeleka mbio, nikasimama
nje ya mstari mwekundu.

Daktari Kikoti, bado kijana, kofia imemzidi,
amesubiri dawa ikauke shingoni.
Kisha wakalikunjua, kichwa hadi vidole vya miguu,
kijani tupu, shamba zima,
na dirisha moja dogo la ngozi.

Sauti ikatoka chini:
"Mbona mwanifunika uso? Nimekufa?"
"Hujafa, mama. Maiti hatumwogopei vijidudu."
Sista Lugano akainua ukingo wa upande wa pili,
akaingiza hewa, akaingiza na uso wake,
wakabaki humo wawili wakinong'ona Kinyakyusa.

Zamani tulikuwa na kitambaa kama leso.
Mkia wa waya ukagusa blanketi,
nani alijali, usiku, tochi mdomoni.
Siku ya nne, homa. Ya saba…
Jina lake silitaji.
Nduguye bado hunisalimia sokoni,
hunichagulia ndizi nzuri.

Leo waya umeteleza tena.
Umerukaruka, mkono wa kijana unatetemeka,
ukaanguka kifuani, ukaviringika tumboni,
ukafika karibu na goti.
Kila ulipoangukia
palikuwa pangu.

Asubuhi shuka limerudi na doa.
Damu huoshwa kwa maji baridi kwanza,
ukianza na moto umeipikia ndani.
Maji ya Tukuyu hayahitaji kuambiwa.

Siku ya nne nimepita wodini na kapu tupu.
Sina kazi huko.
Nimejifanya natafuta foronya,
nikachungulia chati iliyoning'inia kitandani:
thelathini na sita na nusu.
Mwenyewe amelala, mdomo wazi, anakoroma.

Hakuna kilichozaliwa.
Nikarudi kukunja.